Shuka la Wageni

Aliyekwambia kwamba mambo haya yanatokea usiku tu kakudanganya. Mie langu lilinikuta mchana, saa sita imepita kidogo, jua limesimama utosini, nimeshiba, sina homa, na mkononi nimeshika shuka la kitanda cha sita kwa sita. Sikuota. Sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kusema bibi huyu kazeeka kachanganyikiwa aishie hapa hapa, maana mie sibembelezi mtu aniamini. Nasimulia kwa sababu najua mpo wenye watoto, na wengine mmenuna nao mpaka leo hii.

Mie mtu wa Mtoni, Temeke, ukitoka Kilwa Road unaingia ndani. Mume wangu alishatangulia siku nyingi. Watoto aliniachia wanne, na wa mwisho ni Saumu, niliyemzaa nikiwa nimeshasema basi, tumbo limefunga. Alikuwa mrefu kama baba yake, mdomo kama wangu. Ndiyo maana tulikuwa hatuelewani.

Kazi yangu ilikuwa Kinyerezi. Kule kuna nyumba nne ndogo ndani ya ukuta mmoja, zimezunguka bwawa moja la kuogelea. Hazipangishwi kwa mwezi. Watu wanakuja kupumzika siku mbili tatu na kuondoka: maharusi, waliotoka ng'ambo, vijana wa bethidei. Kila nyumba ina mlango wake na jiko lake, lakini bwawa ni la wote. Mie nilikuwa nafua mashuka na mataulo. Saumu alikuwa wa bwawa. Asubuhi anachota majani kwa wavu wa mpini mrefu, anatia dawa, anasugua kingo. Kuogelea hajui, kama mie nisivyojua. Maji yale aliyajulia ukingoni.

Mchana tulikuwa tunakutana kwenye kamba za kuanikia. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Yeye anashika ncha zake, mie zangu, tunavuta, tunakutana katikati, namkabidhi, anainama kuchukua upande wa chini. Hapo ndipo tulipokuwaga tunaongea bila kugombana, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Na nilikuwa na sheria yangu moja, nimeitunga mwenyewe. Shuka la wageni likishafuliwa lisiguse mwili wa mtu yeyote mpaka mgeni mwenyewe. Hata mie mfuaji, jasho likinitiririka machoni, sijifutii pembe ya shuka. Siku moja Saumu alijifuta mkono nalo, nikamrudisha akalifue upya, na huku anacheka, "Mama, hata malaika wakija watapanga foleni." Nikamwambia wapange.

Sasa sikiliza nilivyoharibu.

Palitokea kijana wa Mtoni, fundi magodoro, mtu wa msikitini, ana adabu zake. Akaleta barua ya posa. Nikaipokea. Saumu sikumuuliza. Mie nani aliniuliza?

Aliporudi jioni nikamwambia. Akakaa kitako juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akasema, "Mama, huyu mtu mimi simtaki."

"Humtaki kwa lipi? Ana miguu miwili."

"Miguu hata meza inayo, mama. Tena minne."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Laiti ningecheka siku ile. Nikamwambia barua nimeshapokea, na mie si mtu wa kurudisha barua.

Haukupita mwezi, alikuja Kinyerezi mgeni mmoja, Mngazija, mtu mzima mpole. Alikaa wiki nzima. Naye kwao Ngazija alikuwa na nyumba kama zile, za Wazungu kupumzikia, na bwawa la wote. Akaona maji ya Saumu yalivyo safi, kokoto ya chini unaihesabu. Akamwomba aende akamtunzie la kwake. Saumu akakubali mbele yangu bila kunitazama.

Siku ya safari nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Alitoka na begi lake, akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

Kimya.

"Mama, shikamoo."

Naendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Mama, naondoka mie. Shikamoo."

Sikuinua uso. Nyie mnaonijua mnajua adhabu yangu ilivyokuwa. Mtoto akivunja sahani namchapa, yakaisha. Akinivunjia heshima namnyima marahaba. Kaka yake mkubwa nilimnyima siku tatu, akaacha kula mwenyewe. Fimbo inapoa. Marahaba ya kunyimwa haipoi, anatembea nayo kila anakokwenda. Nilijua hivyo, na ndivyo nilivyotaka. Alingoja kidogo, akasimama, akajifuta magoti, akaenda. Barua ya fundi magodoro nikairudisha mwenyewe, na aibu yake nikaibeba mwenyewe, na kila nikipita dukani kwake nikaongeza kuni kwenye moto wangu.

Akawa anapiga simu kila Ijumaa, alasiri. Na mie nilikuwa napokea. Ndiyo, napokea! Sikukata hata mara moja. Naweka kitochi changu sikioni, anasema "Shikamoo mama", mie kimya. Naye alishaelewa. Anaendelea kuongea peke yake mpaka salio linamwishia. Ndivyo nilivyokijua kile kisiwa ambacho sijakanyaga. Aliniambia ardhi yake nyeusi, mawe yake meusi yana matundu kama mkate wa kumimina, kwamba zamani yalikuwa moto yametoka mlimani yakatiririka mpaka baharini. Mlima wenyewe upo, siku nyingine unatoa moshi, na wenyeji hawana habari nao, wanatwanga mihogo yao. Nyumba za bosi wake ni tano. Wageni wanagombania viti vya kulalia pembeni mwa bwawa, wanaamka alfajiri kuweka taulo kama watu wanaowahi safu ya mbele msikitini. Hapo nilibana pua nisicheke. Kisha anasema, "Haya mama, najua unanisikia, nasikia unavyopumua." Na simu inakatika.

Miezi saba.

Katikati ya miezi hiyo alinitumia jiwe. Lililetwa na msafiri, limefungwa kwenye kitambaa. Jeusi, jepesi, lina matundu, kubwa kama kiganja. La kusugulia miguu, maana visigino vyangu vina magaga ya tangu ujana. Nililigeuza nikaliona zuri. Kisha nikaenda nalo Kinyerezi, nikaliweka chini kuzuia mlango wa chumba cha kufulia usijifunge na upepo. Miguu yangu sikuisugua.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumatatu. Nyumba zote nne zilikuwa tupu, wageni wanatarajiwa alasiri. Pale tulikuwa wawili tu, mie na mlinzi, Lazaro, mtu wa bara aliyezeeka na mzaha wake. Yeye yuko getini na redio yake. Mitambo ya umeme wa gesi inavuma kule ng'ambo ya ukuta kama kawaida. Hakuna upepo. Maji ya bwawa yametulia kama kioo.

Wazee wetu wa pwani walitukataza kuchezea maji jua likiwa utosini. Mie mwenyewe nimewachapa wanangu kwa hilo. Lakini bwawa la saruji lenye dawa, Kinyerezi, nani angelifikiria hivyo?

Nilikuwa nakunja mashuka peke yangu. Tangu Saumu aondoke nilikuwa nabana ncha moja kwa kidevu. Nimebana hivyo, nikasikia maji yanachuruzika, kama mtu anakamua nguo. Nikageuka.

Saumu yuko kwenye ngazi za bwawa, anapanda.

Amevaa gauni la kazi la buluu ambalo sijawahi kuliona. Ameloa chapachapa, nywele zimelala usoni. Akaja mpaka pale kwenye kamba, hatua kama kumi, akasimama. Midomo yake ilikuwa na weusi wa mtu aliyekaa sana kwenye baridi. Kivuli sikumwona nacho, lakini saa ile hata mie sikuwa nacho. Nakuapia, moyo wangu ulisema neno moja tu: karudi. Kazi imemshinda huko, katoroka, kaja kwa mama yake. Nilifurahi. Mungu anajua nilifurahi.

Lakini uso sikuubadilisha.

"Shikamoo mama."

Kimya.

Akatazama shuka nililolibana kwa kidevu. "Lete ncha nikushikie," akanyoosha mkono. Maji yanamdondoka kwenye vidole, tii, tii, tii. Nikalivuta shuka nyuma lisilowe.

Akautazama mkono wake kama si wake, akaushusha.

"Jiwe umesugulia miguu?"

Kimya.

"Mama, nasikia baridi. Nipe shuka nijifunike."

Baridi! Jua lile, saruji inachoma unyayo, mtu anasema anasikia baridi. Hapo hata mtoto mdogo angeshtuka. Mie sikushtuka. Mie niliona shuka nimelifua kwa mikono yangu, limekauka, jeupe, na wageni wanakuja alasiri. Nikafungua mdomo nikasema:

"Mashuka ya wageni haya. Jua hilo hapo, kaukia."

Maneno yangu ya kwanza kwa mwanangu baada ya miezi saba ndiyo hayo.

Hakukasirika. Mdomo wake ukataka kucheka, ule mdomo wangu. Akasema, "Haya mama. Angalau umesema."

Nikampa mgongo, nikaingia chumba cha kufulia kuweka shuka kwenye rafu. Nikachelewa humo makusudi. Ninachokwambia ni kweli: nilikuwa na wali na maharage ya nazi kwenye hotipoti, nikakaa humo namgawia sehemu yake kwenye sahani. Nilishaamua nitamwitikia. Nilitaka tu aombe radhi kidogo, mara moja, kisha ningesema marahaba na tungekula. Nikapanga mpaka na maneno.

Nikatoka na sahani. Hayupo.

Nikaita. Nikazunguka nyumba ya kwanza mpaka ya nne, milango imefungwa. Nikaenda getini.

"Lazaro, Saumu katokea wapi?"

"Saumu yupi, Bi Mkubwa?"

"Saumu wangu. Si umemfungulia wewe?"

"Geti hili tangu saa nne halijafunguliwa hata kwa paka." Akanitazama sahani mkononi na maji ya kufulia kwenye kanga. "Ehe! Au umeanza kuogelea kwa siri? Ungeniambia nikutafutie boya."

Nikamvuta mkono nikampeleka. Nyayo zilikuwa wazi juu ya saruji: zimetoka kwenye ngazi za bwawa, zimefika kwenye kamba, na kutoka hapo zimenifuata nyuma yangu mpaka mlango wa chumba cha kufulia. Zimeishia mlangoni, vidole vyote vimeelekea ndani. Za kurudi hakuna. Kumbe nilipompa mgongo alinifuata. Alisimama pale mlangoni wakati mie nampakulia wali, sikugeuka.

Lazaro alivua kofia. Alifanya ishara ya msalaba, mzaha ukamwisha. "Bi Mkubwa," akasema polepole, "jua hili, hizi zingeshakauka."

Hazikukauka. Zilikaa mpaka magharibi. Na lile jiwe jeusi nililozuilia mlango lilikuwa limeloa, nikaliinua, likatiririsha maji kwenye matundu yake kama sponji. Nikalinusa. Dawa ya bwawa.

Alasiri simu ikalia. Haikuwa Ijumaa. Nikatazama, namba ya Saumu. Nikabonyeza, na sikungoja kusalimiwa. Nikapiga kelele: "Marahaba! Marahaba mwanangu, marahaba!"

Kimya upande wa pili. Mara hii kimya kilikuwa chao. Kisha sauti ya mwanamke nisiyemjua, ina lafudhi ya kule.

"Mama, samahani. Mimi siye Saumu. Mimi Echata, nafanya kazi naye."

Sikumbuki nilivyokaa chini. Echata alisema Saumu alikuwa anasugua ukingo wa bwawa kabla ya wageni kurudi kutoka matembezini. Ukingo wenyewe ni wa yale mawe meusi. Aliteleza, akapiga kichwa, akaingia ndani, na hakuna aliyekuwa karibu. Nikamuuliza saa ngapi. Akasema adhuhuri, walisikia adhana wakiwa wanamtoa. Saa zao na zetu ni moja.

Walimzika kule kule kesho yake asubuhi, kama sheria yetu inavyotaka. Kaburi lake sijaliona. Nimeambiwa udongo wake mweusi.

Baada ya arobaini Echata alikuja Dar na begi la marehemu. Mwanamke mnene, mkarimu, machozi karibu. Nikamkaribisha mkekani, nikamwomba anieleze yote asinifiche. Heri ningemwomba anifiche.

Alisema, "Mama, Saumu alikuwa na tabia moja, tulikuwa tukimcheka. Kila asubuhi akifika kwenye bwawa, kabla hajashika wavu, anasema 'Shikamoo mama.' Halafu anabadilisha sauti, anaitikia mwenyewe, nzito hivi, 'Marahaba.' Ndiyo anaanza kazi. Siku ile nilimsikia akisema shikamoo. Kisha bosi akamwita, akaenda mbio. Hakujiitikia."

Mie nikalivuta begi karibu.

Kisha akasema, kunifariji, maskini hakujua anachokifanya: "Lakini hakulala uchi wala hakulala na baridi, mama. Tulipomtoa nilikimbia kwenye kamba nikachukua shuka moja safi la wageni, nikamfunika gubigubi. Bosi mwenyewe alisema chukua, chukua lolote."

Umesikia? Mtu asiyemzaa, kisiwa cha watu, alimwanulia shuka kambani bila kufikiri mara mbili. Na mie niliyemnyonyesha nilimwambia jua hilo hapo.

Kazi niliacha. Lile jiwe liko dirishani kwangu Mtoni, juu ya kisosi. Kila ikifika adhuhuri kisosi kina maji. Mjukuu wangu aliyesoma anasema ni matundu, yananyonya unyevu wa hewa kisha yanautoa. Sawa, yeye kasoma. Mie shule niliishia la tatu. Lakini namuuliza, hewa ya Mtoni tangu lini ikanuka dawa ya bwawa? Hapo anashika simu yake.

Miguu yangu sasa naisugua kila siku, na magaga yamekwisha. Na adhuhuri, kabla ya kutawadha, nasema marahaba. Nasema kwa sauti, jirani wanasikia, wengine wanadhani naitikia watu wasiokuwepo. Ni kweli ndicho ninachofanya. Shikamoo yake sijaisikia tena hata mara moja. Angekuja ningemkimbilia na nguo zangu za mwilini. Haji.

Kwa hiyo nyie wenye vifua vya chuma kama mie, nawaambieni bila kuzunguka. Mtoto akikuamkia, itikia kwanza, ugomvi utaukuta palepale ulipouacha, hauendi popote. Simu ikilia pokea, na ukipokea sema. Na ukiona mtu wako analalamika baridi juani, usitazame unyevu wake utakavyochafua vitu vyako. Mfunike. Mengine utauliza baadaye.

Lile shuka nililolivuta lisilowe nilimwomba mwenye nyumba, akanipa. Nimelikunja mwenyewe, kwa kidevu, liko chini kabisa ya sanduku na halijagusa mwili wa mtu. Wanangu nimeshawaambia: siku yangu ikifika msihangaike na sanda ya dukani. Nifungeni na hilo, nimpelekee mwenyewe.